Viza ya masomo huanza kuombwa mwaka mmoja kabla ya fomu kujazwa

Barua ya chuo kikuu cha ng'ambo inapofika katika kijiji kama Bongwe, furaha huwa ya ukoo mzima. Kamati huundwa, kadi za mchango hugawanywa kutoka Gombato hadi Ukunda, na mwanafunzi huanza kuagwa hata kabla hajashika pasipoti. Kisha jibu la ombi la viza huja kwa baruapepe likiwa na sentensi chache za kukataa, na watu wa nyumbani hubaki wakiulizana kosa lilikuwa wapi.

Kujaza fomu yenyewe mtandaoni ni kazi ya saa chache. Yanayoamua hatima ya ombi ni mambo yaliyofanywa, au yaliyoachwa, miezi mingi kabla ya hapo: jinsi jina lilivyoandikwa katika vyeti, mahali pesa zilipokaa na muda zilizokaa, na nani hasa anahesabiwa kuwa mwenye pesa hizo.

Makala haya yanaeleza hatua hizo moja baada ya nyingine. Uingereza imetumiwa kama mfano mkuu kwa kuwa masharti yake yameandikwa kwa hesabu ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata. Baadaye tutagusia Marekani, Kanada na Ujerumani.

AFISA ASIYEKUONA

Mnamo Septemba 1959, ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya iliwabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi Marekani. Wengi wa vijana wa kizazi hicho walitegemea wafadhili waliotafutwa na viongozi, na neno la mtu anayejulikana lilikuwa na uzito wake.

Leo uzito huo umehamia kwenye stakabadhi. Tangu Oktoba 5, 2020, mwanafunzi anayekwenda Uingereza huomba kupitia utaratibu mpya uliochukua nafasi ya ule wa mwaka 2009 uliojulikana kama Tier 4. Mwombaji anahitaji alama 70: alama 50 kwa nafasi ya masomo, 10 kwa uwezo wa kifedha na 10 kwa lugha ya Kiingereza. Hakuna alama za nusu. Sehemu moja ikianguka, ombi zima huanguka.

Afisa anayetoa uamuzi anaweza kumwita mwombaji kwa mahojiano ya video, lakini mara nyingi hamuoni kamwe. Hajui kwamba baba ni mtu mwaminifu anayeheshimika msikitini, wala kwamba kijiji kizima kilichanga. Anachokijua ni kile kilichopakiwa kwenye tovuti. Karatasi mbili zikipingana, hakuna aliyeketi mbele yake kueleza kwa nini.

JINA MOJA KATIKA VYETI VYOTE

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kuvitandaza vyeti vyote mezani na kuvisoma herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha kitaifa, cheti cha KCSE na pasipoti. Katika Pwani yetu, msichana anaweza kuandikwa Mwanaisha katika cheti kimoja na Mwanaesha katika kingine. Mvulana anaweza kuwa na majina mawili shuleni na matatu katika kitambulisho, au jina la babu likatangulia la baba. Kijijini sote tunajua kwamba huyo ni mtu mmoja, lakini afisa aliye mbali hawezi kulichukulia hilo kuwa jambo la kawaida.

Marekebisho hayo huchukua muda. Kosa katika cheti cha mtihani hurekebishwa na Baraza la Mitihani, na kosa katika cheti cha kuzaliwa hurekebishwa na ofisi ya usajili wa uzazi na vifo. Mtu aliyebadilisha jina kabisa huhitaji hati ya kisheria iliyosajiliwa. Mwanafunzi anayeanza shughuli hii mwezi mmoja kabla ya masomo amechelewa.

Cheti cha kuzaliwa kina kazi nyingine ambayo wengi huisahau. Iwapo pesa za masomo ziko katika akaunti ya mzazi, cheti hicho ndicho ushahidi kwamba mwenye akaunti ni mzazi wa mwombaji. Jina la baba au la mama katika cheti lazima lilingane na jina lililo benki.

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe katika ofisi ya Uhamiaji, kama ile ya Mombasa, kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Bila kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, mlango huo haufunguki.

Jambo hili si geni Kwale. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji na kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi kwa miongo mingi bila vitambulisho hadi walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 na serikali ikawatambua. Wapemba nao walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Kwa kijana wa jamii hizo mbili, uwezekano wa kusoma ng'ambo ulianza siku alipopata nambari ya kitambulisho.

BARUA YA CHUO HAITOSHI

Familia nyingi huchanganya barua ya kukubaliwa na stakabadhi inayohitajika kwa viza. Kwa Uingereza, stakabadhi hiyo huitwa CAS. Si karatasi ya kutundikwa ukutani, bali ni nambari ya kumbukumbu ambayo chuo hutoa baada ya mwanafunzi kutimiza masharti yote, aghalabu pamoja na kulipa sehemu ya karo. Nambari hiyo hudumu kwa miezi sita, na ombi la viza kutoka nje ya Uingereza haliwezi kutumwa zaidi ya miezi sita kabla ya masomo kuanza.

Chuo lazima kiwe na leseni ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Orodha ya vyuo vyenye leseni huchapishwa na serikali ya Uingereza na yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Kuitazama kabla ya kutuma shilingi moja ni jambo la dakika tano.

Kuhusu lugha, Kenya haimo katika orodha ya mataifa ambayo Uingereza huyahesabu kuwa ya wazungumzaji wa Kiingereza. Mkenya anaweza kutakiwa kufanya mtihani kama IELTS. Hata hivyo, kwa masomo ya shahada, chuo kikuu kinaweza kuipima lugha ya mwanafunzi chenyewe na kuthibitisha hivyo katika CAS. Yafaa swali hilo kuulizwa mapema, kwani ada ya mtihani si ndogo.

PESA ZILALE SIKU 28

Hapa ndipo desturi zetu na masharti ya ng'ambo hugongana.

Mbali na karo ya mwaka wa kwanza ambayo haijalipwa, mwombaji huonyesha pesa za kujikimu kwa muda usiozidi miezi tisa. Viwango vilivyoanza Novemba 11, 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesomea London na pauni 1,171 kwa anayesomea kwingineko. Kwa miezi tisa hiyo ni pauni 13,761 au pauni 10,539. Pauni moja ikihesabiwa kwa Sh170, kiasi hicho cha pili ni karibu Sh1.8 milioni.

Pesa hizo lazima ziwe zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Zikipungua chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu huanza upya. Aidha, siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita kwa zaidi ya siku 31 wakati ombi linapotumwa.

Tuchukue mfano. Mchango unafanywa Jumapili ya kwanza au ya pili ya Agosti, na pesa zinafika benki Agosti 11. Siku 28 zinatimia Septemba 7. Uamuzi wa kawaida huchukua takriban wiki tatu baada ya mwombaji kutoa alama za vidole, hivyo jibu litafika mwisho wa Septemba au baadaye. Kufikia wakati huo, huenda siku ya mwisho ya kuripoti chuoni imekwisha kupita. Kamati haikukosa pesa; iliyokosa ni kalenda.

Sharti la pili ni la umiliki. Pesa zinazokubaliwa ni zile zilizo katika akaunti ya mwanafunzi, au ya mzazi wake, au ya mlezi wake wa kisheria. Zikiwa za mzazi au mlezi, barua ya ridhaa huambatishwa pamoja na ushahidi wa uhusiano. Kwa jadi ya Wadigo, mjomba ana usemi mkubwa juu ya watoto wa dada yake, na si ajabu yeye kuwa ndiye anayegharamia elimu. Lakini katika kanuni hizi mjomba hahesabiwi, hata awe tajiri wa Diani nzima. Taarifa ya benki yenye jina lake haitaongeza alama hata moja.

Hilo halimaanishi kwamba pesa za mjomba hazifai. Anaweza kuzihamishia mapema katika akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi, kwa barua inayoeleza kwamba ni zawadi wala si mkopo, kisha zikae siku zinazotakiwa. Au anaweza kulipa karo moja kwa moja chuoni, na malipo hayo yakaandikwa katika CAS, jambo linalopunguza kiasi cha kuonyeshwa.

Vivyo hivyo kwa fedha za chama. Zikiwa katika jina la chama, si za mwombaji. Hatimiliki ya shamba la minazi, ng'ombe na mashua ni mali ya kweli, lakini kwa Uingereza hazichukui nafasi ya pesa taslimu benki. Mchuuzi wa samaki au mwendeshaji matatu ambaye pesa zake huingia na kutoka mkononi ana sababu njema ya kuanza kuzipitisha benki mwaka mmoja kabla, ili taarifa yake ieleze biashara yake bila yeye kuwepo. Kitita kinachoingia ghafla katika akaunti iliyokuwa tupu huzua maswali.

Pana pia ada zinazolipwa wakati wa kutuma ombi. Ada ya viza ilipandishwa kutoka pauni 490 hadi 524 mnamo Aprili 2025. Ada ya huduma za afya kwa wanafunzi imekuwa pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 6, 2024. Kwa shahada ya uzamili ya miezi 12, muda wa viza huongezwa miezi michache kabla na baada ya masomo, hivyo ada hiyo hufika pauni 1,164. Ombi likikataliwa, ada ya afya hurudishwa, lakini ya viza hairudishwi. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo msomaji avithibitishe katika tovuti ya serikali siku anayolipa.

KIPIMO CHA KIFUA KIKUU NA SAFARI YA NAIROBI

Ingawa ombi hutumwa kwa mtandao, mwili wa mwombaji bado unahitajika. Mkenya anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwanza, katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Nairobi. Cheti chake hudumu kwa miezi sita. Picha ya eksirei ikitia shaka, makohozi hupimwa na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki nane. Mgonjwa hutibiwa na kupona kabla ya kuomba. Hii ni sababu nyingine ya kutongoja wiki za mwisho.

Baada ya fomu kutumwa na ada kulipwa, mwombaji hurudi Nairobi kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Kwa mtu wa Bongwe, kila safari ni kuvuka Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, kisha basi au treni ya SGR kutoka Miritini. Nauli, malazi na siku za kazi zitakazopotea ziingizwe katika bajeti tangu mwanzo, mara mbili.

Tangu Julai 15, 2025, wanafunzi wengi wanaokwenda Uingereza hawabandikiwi tena kibandiko cha viza katika pasipoti. Viza yao huwa ya kielektroniki na hufunguliwa kwa akaunti ya mtandaoni iliyounganishwa na baruapepe na nambari ya simu. Wanaojaziwa fomu katika saiba za Ukunda wasikubali baruapepe ya mwenye saiba kutumiwa. Anayeshika baruapepe na nywila ndiye ameshika viza. Mwanafunzi afungue anwani yake mwenyewe, aandike nywila mahali salama na atoke katika akaunti kabla ya kuinuka kwenye kiti.

MAREKANI, KANADA NA UJERUMANI

Marekani hufuata mkondo tofauti. Chuo hutoa fomu ya I-20, mwanafunzi hulipa dola 350 za mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni uitwao SEVIS, hujaza fomu ya DS-160 mtandaoni, hulipa ada ya dola 185, kisha huhojiwa ana kwa ana katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi.

Hakuna hesabu ya siku 28, na jamaa asiye mzazi anaweza kuwa mdhamini. Badala yake, sheria humchukulia mwombaji kuwa mtu anayetaka kuhamia Marekani hadi athibitishe kinyume. Katika dakika chache, kijana huulizwa kwa nini amechagua chuo hicho, nani atalipa na atafanya nini baadaye. Majibu yaliyokaririwa kutoka kwa wakala hujulikana upesi. Tangu Juni 2025, waombaji wa viza ya masomo wametakiwa pia kuziacha wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe.

Kanada, kuanzia Januari 2024, ilitaka wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wawe na barua ya uthibitisho kutoka kwa mkoa wanakokwenda. Kiasi cha pesa za kujikimu kwa mtu mmoja kilipanda hadi dola za Kanada 22,895 mnamo Septemba 2025, mbali na karo na nauli. Ujerumani hutaka pesa ziwekwe katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo mwanafunzi hutoa kiasi kidogo kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi.

Masharti yanatofautiana, lakini yote yanauliza maswali yale yale: wewe ni nani, unakwenda kusoma nini, na nani atakulipia?

WAKALA NA UWONGO

Si kila wakala ni tapeli. Wapo wanaowasaidia wazazi wasioijua kompyuta. Lakini hakuna wakala mwenye uwezo wa kutoa viza, na anayeahidi kwamba ni lazima itoke anasema asichokijua. Ada za viza hulipwa kwa njia zilizoelekezwa na tovuti rasmi, wala si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Hata mpango wenye jina la serikali unahitaji kuulizwa maswali. Mwaka 2023, wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret baada ya pesa walizolipa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana Finland na Kanada kukosa kuwafikisha wote vyuoni, huku baadhi ya waliokwisha kufika wakikabiliwa na madeni ya karo. Suala hilo lilifika Seneti na mahakamani. Funzo ni kwamba mzazi adai risiti kutoka chuoni kwenyewe, na amwandikie mhasibu wa chuo kuuliza iwapo pesa zimefika.

Hatari kubwa zaidi ni karatasi bandia. Taarifa ya benki ya kutengenezwa mtaani inaweza kumfungia mwombaji mlango wa Uingereza kwa miaka 10 na wa Kanada kwa miaka mitano. Marekani inaweza kumzuia maisha yake yote. Anayeadhibiwa ni mwenye jina kwenye fomu, si aliyeichapisha. Kwa hivyo mwanafunzi asome kila ukurasa uliojazwa kwa niaba yake kabla haujatumwa.

UKIKATALIWA

Kukataliwa kwa kukosa masharti si sawa na kukataliwa kwa udanganyifu. Barua ya uamuzi hutaja kifungu kilichokosekana, na isomwe kwa utulivu kabla ya kukimbilia kutuma ombi jingine. Aliyekataliwa na Uingereza akiwa nje ya nchi hiyo, na akaamini kwamba afisa alikosea katika kuzitumia kanuni, ana siku 28 za kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa ada ya pauni 80. Lakini ikiwa siku za benki hazikutimia kweli, ni afadhali kuzitimiza na kuomba tena. Katika fomu zijazo, akiulizwa kama amewahi kukataliwa, ajibu kwa ukweli.

Kabla ya kuuza kipande cha shamba, familia iulize chuo kwa maandishi: viza ikikataliwa, ni kiasi gani cha karo kitarudishwa, na baada ya muda gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha hasara halisi itakuwa kiasi gani.

Kwa anayelenga masomo ya Septemba, basi, kalenda inaanza Septemba iliyotangulia. Hadi Desemba, majina yasawazishwe na pasipoti iombwe. Kuanzia Januari, maombi ya vyuo na ya ufadhili yatumwe, na pesa zianze kupita benki. Aprili na Mei ni miezi ya kufanya mchango, ili Juni pesa ziwe zimetulia. Kipimo cha afya na CAS vipatikane kati ya Juni na Julai, na ombi litumwe kabla ya Julai kwisha. Kamati ya Bongwe itakayofuata mpangilio huo itakuwa na wiki kadhaa mkononi za kurekebisha kosa, na itakuwa na haki ya kupanga siku ya kumuaga mtoto wake.